Dawa ya Moto ni Moto: Sarufi ya Upishi wa Dawa katika Mchezo wa Minecraft

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna dawa zinavyopikwa na kutumiwa katika Minecraft, mchezo wa video ambamo mchezaji huachwa katika ulimwengu mpana ajitafutie chakula, makao na usalama. Yanadai mambo mawili. Kwanza, upishi huo unafuata kanuni zinazokaribiana na zile za unyambulishaji wa vitenzi vya Kiswahili. Pili, neno 'dawa', kwa upana wa maana yake, linaubeba mfumo huo vyema kuliko istilahi ya Kiingereza inayotumiwa na mchezo wenyewe.

1.0 Utangulizi

Minecraft ilibuniwa na Markus Persson wa Uswidi. Umma ulianza kuucheza mwaka 2009, na toleo lake kamili likatolewa na kampuni ya Mojang mnamo Novemba 2011. Upishi wa dawa ni miongoni mwa mambo yaliyokuja na toleo hilo. Mchezo huu hauna hadithi moja inayosimuliwa toka mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo, msomi wa fasihi simulizi hawezi kujihisi mgeni humo: kuna safari ya hatari, kuna wachawi, kuna joka, na kuna vitu vya kimiujiza vinavyomwezesha mhusika kufanya yasiyowezekana.

Vladimir Propp, katika uchunguzi wake wa ngano za Kirusi uliochapishwa mwaka 1928, alibainisha majukumu 31 ya wahusika, na kupata kitu cha kimiujiza ni mojawapo. Lakini katika ngano anazozichunguza, aghalabu shujaa hupewa kitu hicho na mfadhili baada ya kujaribiwa. Katika Minecraft hakuna mfadhili wa namna hiyo jikoni. Shujaa hujipikia. Kwa hivyo, anachohitaji ni kuzijua kanuni za kuunganisha viambato. Kanuni hizo ndizo makala haya yanaziita sarufi.

2.0 Jiko na Dawa ya Msingi

Jiko la dawa hutengenezwa kwa fimbo 1 ya moto na mawe 3. Fimbo hiyo hupatikana kwa kuwaua viumbe wa moto wanaokaa katika ngome za Nether, ulimwengu wa joto wenye mito ya lava. Katika ngome hizo hizo ndimo huota mmea mwekundu ambao ni msingi wa takriban dawa zote. Kwa maneno mengine, anayetaka dawa ya kujikinga na moto hana budi kwanza kuingia motoni bila kinga.

Jiko hupika chupa 3 kwa mpigo mmoja, na kila hatua huchukua sekunde 20. Tangu toleo la 1.9 la mwaka 2016, jiko huhitaji pia unga wa moto uliosagwa kutokana na fimbo ile. Kipimo kimoja cha unga hutosha hatua 20.

Hatua ya kwanza ni kutia mmea mwekundu katika chupa za maji. Zao lake ni dawa ya msingi ambayo ikinywewa haileti athari yoyote. Haiponyi wala haidhuru, inangoja tu. Hatua ya pili ni kutia kiambato chenye maana. Sukari huleta kasi. Karoti ya dhahabu humwezesha mnywaji kuona gizani. Bunju, samaki ambaye akiliwa mbichi mchezoni humtia mlaji sumu, jikoni hugeuka dawa ya kupumua chini ya maji. Nayo dawa ya kustahimili moto hutokana na ute uliochanganywa na unga wa moto. Methali isemayo kwamba dawa ya moto ni moto inatimia hapa kwa maana yake ya wazi kabisa.

3.0 Viambato kama Viambishi

Baada ya dawa kupata maana yake ya kimsingi, mpishi anaweza kuirekebisha kwa viambato vingine ambavyo peke yavyo havina tiba. Unga wa jiwe jekundu hurefusha muda: dawa ya kasi iliyokuwa idumu dakika 3 hudumu dakika 8. Unga wa jiwe ng'avu huongeza nguvu: kasi hupanda kutoka asilimia 20 hadi 40, lakini muda hupungua hadi dakika 1 na nusu. Baruti huifanya dawa iwe ya kurushwa badala ya kunywewa, na pumzi ya joka huifanya ile ya kurushwa itande hewani kama wingu.

Mwanafunzi wa mofolojia ataona mambo matatu anayoyafahamu. La kwanza ni kuzuiana. Urefu wa muda na ukubwa wa nguvu haviwezi kukaa katika chupa moja, kama vile viambishi viwili vya njeo visivyoweza kukaa katika nafasi moja: tunapata 'alisoma' na 'atasoma', lakini hatupati 'alitasoma'. La pili ni mpangilio. Pumzi ya joka haifanyi kazi ila baada ya baruti kutangulia. Vivyo hivyo, 'pika' huzaa 'pikia' na kisha 'pikiwa', kwa kuwa kiambishi cha kutendwa hungoja mwisho. 'Pikwia' si neno. La tatu ni mipaka ya mzizi. Dawa ya kuponya hutenda papo hapo, kwa hivyo haina muda wa kurefushwa. Hali kadhalika, 'anguka' huzaa 'angukia' na 'angukiwa', ila 'angukwa' haipo.

4.0 Jicho la Buibui na Kauli ya Kutendua

Kiambato cha ajabu kuliko vyote ni jicho la buibui lililochachushwa, ambalo hutengenezwa kwa jicho la buibui, sukari na uyoga wa kahawia. Jicho hili hugeuza. Likitiwa katika dawa ya kasi, huzaa dawa ya uzito wa mwendo. Likitiwa katika dawa ya kuponya, huzaa dawa ya kujeruhi. Uhusiano huu ndio uliopo baina ya 'funga' na 'fungua', 'ziba' na 'zibua', 'tega' na 'tegua'.

Hata hivyo, kama ilivyo katika lugha, si kila umbo linalofanana na la kutendua hutendua kweli. 'Chukua' na 'chagua' yana sura hiyo bila kuwa kinyume cha kitenzi kingine kinachotumika leo. Katika mchezo, jicho lililochachushwa likitiwa katika dawa ya kuona gizani halileti upofu, huleta kutoonekana. Anayeona anageuka asiyeonwa. Aidha, likitiwa katika chupa ya maji matupu, bila dawa ya msingi, huzaa dawa ya udhaifu. Hii ndiyo dawa isiyohitaji kupitia kwenye mmea mwekundu.

Ulinganisho huu una kikomo chake. Kanuni za mchezo ziliamuliwa na wabunifu, na orodha ya dawa ina mwisho. Lugha haikuamuliwa na mtu mmoja, na wazungumzaji huzaa maneno mapya kila siku. Unaofanana ni mpango wa kuunganisha vipande, si uhai wa mfumo mzima.

5.0 Dawa na Anayeipokea

Mchezaji mgeni hudhani kwamba dawa ya kuponya ni njema na ya kujeruhi ni mbaya. Akiwarushia zombi na mifupa inayotembea dawa ya kujeruhi, atashangaa kuona wanapata nafuu, kwani kwa wafu wa mchezo huu mambo hupinduka: kinachowaponya walio hai huwadhuru. Maziwa nayo hayabagui. Huondoa sumu na huondoa pia kila athari njema aliyokuwa nayo mnywaji.

Mfano mzito zaidi ni wa mwanakijiji aliyegeuzwa zombi. Kumwua ni rahisi. Kumrejesha utu kunahitaji hatua mbili: kwanza arushiwe dawa ya udhaifu, kisha alishwe tofaa la dhahabu. Hutetemeka kwa dakika chache, halafu hurudi kuwa mtu, na baadaye humuuzia mwokozi wake bidhaa kwa bei nafuu. Tofaa bila udhaifu halimfai kitu. Dawa ambayo kwa wengine wote ni silaha, kwake ndiyo mlango wa kupona. Kimaudhui, hapa mchezo unasema jambo ambalo maelezo ya viambato hayawezi kulisema: wema wa dawa haumo ndani ya chupa.

6.0 Suala la Istilahi

Neno la Kiingereza linalotumika mchezoni lina asili ya Kilatini yenye maana ya kinywaji, na asili hiyo hiyo ndiyo iliyozaa neno lao la sumu. Kulitafsiri kuwa 'kinywaji' kungeziacha nje dawa za kurushwa. 'Sumu' ingeziacha nje zinazoponya. 'Dawa', neno tulilolipata kutoka Kiarabu, halina tatizo hilo. Mzungumzaji wa Kiswahili husema dawa ya malaria, dawa ya kuulia mende na dawa ya mapenzi bila kutatizika, kwa kuwa kitenzi au nomino inayofuata humwonyesha ni dawa ya nini na ya nani.

Pana hoja kwamba upana huo utamchanganya mtoto baina ya dawa ya hospitali na ya mchezo. Hoja hii ina uzito, na jibu lake ni kutaja kazi ya dawa kila mara: dawa ya kasi, dawa ya udhaifu, dawa ya kujeruhi. Kihusishi '-a' kinatosha kuweka mpaka.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba upishi wa dawa katika Minecraft una msingi, mizizi, viambishi, mpangilio na hali za kipekee, na kwamba Kiswahili kina maneno ya kueleza kila hatua. Vijana wengi huucheza mchezo huu wakiyawaza yote kwa Kiingereza. Mwalimu anayefundisha kauli ya kutendua anaweza kuanzia kwa jicho la buibui, kisha afike kwenye 'funga' na 'fungua'. Wanafunzi watagundua kwamba kanuni waliyodhani ni ya darasani tu walikwisha kuitumia jikoni, na chupa tatu zikachemka.