Oili ya Kwanza ya Injini Mpya: Somo kwa Wamiliki wa Pikipiki na Mashine

Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Miongoni mwa vitu vinavyonunuliwa kwa fedha hizo ni pikipiki, mashine za kukamua alizeti na za kusaga nafaka. Injini ikifa kabla deni halijaisha, kikundi hubaki na marejesho bila chombo cha kuyalipia, na kikundi kinachosubiri zamu yake hukosa fedha. Uharibifu huo waweza kuanza katika wiki ya kwanza, kwa kupuuza oili ya kwanza.

Kwa nini oili hiyo huchafuka upesi

Ringi za pistoni na kuta za silinda, hata zikichongwa kwa ustadi, huwa na mikwaruzo isiyoonekana kwa macho. Zinaposuguana, ncha zake hukatika na kuwa chembe za chuma ndani ya oili. Msuguano huo ni wa lazima, kwani ndio unaozikalisha ringi mahali pake. Lakini chembe zikiachwa humo, oili hugeuka msasa.

Pikipiki ndogo huathirika zaidi. Oili yake, yapata lita moja, hulainisha injini, giaboksi na klachi kwa pamoja. Na nyingi zina wavu wa kuchujia tu, pasipo filta ya karatasi. Wavu huzuia vipande vikubwa, chembe ndogo hupita.

Wakati wa kumwaga

Kitabu cha mtengenezaji ndicho mwamuzi. Kwa pikipiki nyingi ndogo, oili ya kwanza humwagwa kati ya kilomita 500 na 1,000. Dereva wa bodaboda anayekwenda kilomita 100 kwa siku hufikisha 500 kwa siku tano. Akisubiri mwisho wa mwezi, amekwisha kupitiliza. Injini nyingi za dizeli za mashine na matrekta huhesabiwa kwa saa, na kipimo cha kawaida cha mwanzo ni saa 50. Mashine ifanyayo kazi saa nane kwa siku hufika hapo siku ya saba. Hivyo saa ziandikwe daftarini kila jioni. Magari mengi ya kisasa hayadai umwagaji wa mapema, na mwenye gari afuate kitabu chake.

Rangi ya oili si kipimo. Oili yaweza kuonekana safi ilhali imebeba chembe.

Namna ya kumwaga

1. Injini iwashwe dakika chache ipate joto, kisha izimwe. Oili ya moto hutoka pamoja na uchafu.
2. Nati ya chini ifunguliwe, na oili ikingwe katika chombo.
3. Wavu usafishwe, au filta ibadilishwe kwa injini yenye filta.
4. Nati irudishwe bila kukazwa kupita kiasi, kwani meno ya aluminiamu huharibika upesi.
5. Oili mpya ipimwe kwa kijiti, isipungue wala kuzidi alama. Kwa pikipiki ya klachi ya ndani, itafutwe oili yenye maandishi JASO MA. Baadhi ya oili za magari huifanya klachi iteleze.

Mwendo wa siku za mwanzo

Injini mpya isikimbizwe kwa kasi ya juu wala kupakiwa kupita kiasi. Kupanda Mlima Sekenke kutoka Shelui na mishikaki au magunia ya alizeti ni mtihani usiofaa kwa injini ya wiki moja. Kiangazi, vumbi linapozidi, filta ya hewa nayo ikaguliwe mara kwa mara.

Oili chafu isimwagwe ardhini wala mtoni, kwani hupenya hadi visimani. Ihifadhiwe katika dumu lenye mfuniko, mbali na watoto.

Kila kikundi kitunze risiti na kadi ya sevisi, kwa kuwa kukosa sevisi ya kwanza kwaweza kubatilisha dhamana ya muuzaji. Usipoziba ufa utajenga ukuta: bei ya lita moja ya oili hailingani na gharama ya kufumua injini.