MBWA ALIYEONDOLEWA WENGU: MAISHA YAKE NA UTUNZAJI WAKE

Kila mtu aliyepata kuchinja mbuzi au kondoo ameuona wengu, ambao wengine huuita bandama. Ni kiungo laini chenye rangi ya damu nzito, nacho hulala upande wa kushoto karibu na tumbo la chakula. Mbwa naye anao, mrefu kama ulimi. Pengine daktari wa wanyama humwambia mwenye mbwa kwamba kiungo hiki hakina budi kuondolewa, na mwenye mbwa huuliza maswali mawili: Je, mbwa wangu ataishi? Na akiishi, ataweza kulinda boma kama zamani? Somo letu ni kuyajibu maswali hayo.

Mbwa huweza kuishi bila wengu. Jambo hili lilijulikana Ulaya tangu karne ya 17. Lakini urefu wa maisha yake hutegemea mambo mawili: ugonjwa uliosababisha apasuliwe, na uangalifu wa mwenyewe, hasa katika kupigana na kupe.

KAZI YA WENGU

Damu hupita katika wengu kama maji yapitavyo katika chujio. Humo chembe nyekundu zilizozeeka huvunjwa, na vijidudu vilivyoingia katika damu hukamatwa na kuuawa. Tena wengu ni ghala. Katika miaka ya 1920 mtaalamu Joseph Barcroft wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alichunguza wengu wa mbwa, akaona kwamba mbwa akikimbia wengu hujikunja na kumimina katika mishipa damu iliyojaa chembe nyekundu. Akiba hiyo humsaidia mbwa anapofukuza mnyama mbio ndefu.

Wengu ukiondolewa, ini na uboho wa mifupa hushika sehemu kubwa ya kazi ya kuvunja chembe zilizozeeka. Lakini ghala ya damu haijengwi tena, na mlango mmoja wa kuzuia vijidudu hubaki bila mlinzi.

SABABU ZA KUUONDOA

Wakati mwingine mbwa hugongwa na gari, wengu ukapasuka. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, kama wale wa aina ya German Shepherd, huweza kupatwa na tumbo kujisokota, na wengu ukajisokota pamoja nalo. Lakini sababu iliyo kubwa, hasa kwa mbwa wazee, ni uvimbe.

Uvimbe huo si wa namna moja. Mwingine ni damu iliyoganda tu, au nyama iliyoota pasipo ubaya. Huu ukiondolewa, mbwa hupona na kuishi miaka yake kama wenzake. Mwingine ni kansa ya mishipa ya damu. Kansa hii huenea upesi, na mbwa aliyepasuliwa tu bila dawa nyingine kwa kawaida huishi mwezi mmoja hadi mitatu. Akipewa dawa kali za kansa huweza kufikia kama nusu mwaka, na wachache hupita hapo.

Basi yafaa kujua kwamba macho peke yake, hata macho ya daktari, hayawezi kuzitambua namna hizi mbili kwa hakika. Kipande cha uvimbe lazima kipelekwe maabara kikatazamwe kwa hadubini. Mwenye mbwa asikate tamaa kabla ya jibu kuja, wala asifurahi mapema.

Dalili za kutoka damu ndani ya tumbo ni hizi: ufizi huwa mweupe, tumbo huvimba, pumzi huenda mbio, na mbwa huanguka au hukataa kusimama. Ukiziona, usingoje kesho.

SIKU ZA KWANZA

Katika siku mbili tatu za kwanza moyo wa mbwa huweza kupiga bila mpango, na damu huweza kutoka tena ndani. Kwa hiyo ni vema akae chini ya macho ya daktari. Akirudi nyumbani, alale mahali pakavu na safi. Atembezwe polepole kwa kamba, asiruke wala kukimbia mpaka nyuzi zitolewe, yaani baada ya siku 10 hadi 14. Apewe chakula laini, kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku.

Asiachwe alambe kidonda. Asiye na kola maalumu huweza kutoboa kitako cha ndoo ndogo ya plastiki, akalainisha kingo zake na kuifunga kwenye ukosi wa mbwa, ili kichwa kiwe ndani ya ndoo. Tena usimpe mbwa vidonge vya maumivu vya watu, kwa maana vingi vyao ni sumu kwake. Mpe zile tu alizoagiza daktari.

ADUI MKUBWA NI KUPE

Katika nchi yetu kupe wa mbwa huleta vijidudu viitwavyo babesia, ambavyo huingia katika chembe nyekundu na kuzivunja. Mbwa hushikwa na homa, huacha kula, ufizi hufifia, na pengine mkojo huwa mwekundu. Mbwa mwenye wengu huweza kukaa na vijidudu hivi kwa siri bila kuonyesha ugonjwa. Wengu ukiondoka, hujitokeza kwa nguvu. Jambo hili ni la hakika hata wataalamu wa magonjwa ya ng'ombe wamezoea kutumia ndama walioondolewa wengu ili kuvifichua vijidudu vya damu vilivyojificha. Kwa hiyo, kama kupasua si kwa haraka, mwombe daktari aipime kwanza damu ya mbwa.

Baadaye, mkague mbwa kila siku: ndani ya masikio, katikati ya vidole, makwapani na chini ya mkia. Mara nyingi kupe huhitaji kung'ang'ania siku moja au mbili ndipo avitie vijidudu hivyo, basi anayeondolewa leo hana nafasi ya kudhuru kesho. Mng'oe kwa kibanio karibu na ngozi, wala usimpasue kwa vidole. Tumia dawa ya kupe iliyotengenezwa kwa mbwa. Dawa ya josho la ng'ombe isipakwe mwilini mwake kwa kukisia. Safisha na kibanda chake, kwa sababu kupe hutaga mayai kwa maelfu katika nyufa za kuta.

KAZI NA CHANJO

Mbwa aliyepona aweza kulinda boma na kufuata mifugo malishoni. Asitumwe kuwinda au kukimbia mbio za kumchosha sana, maana ile akiba ya damu hana tena. Chanjo ya kichaa cha mbwa na nyinginezo ziendelee kwa wakati wake kama daktari atakavyopanga.

Mwisho, andika kwa wino katika kadi yake ya chanjo: "Mbwa huyu hana wengu." Pengine siku atakapougua wewe utakuwa safarini, na atakayempeleka kwa daktari ni mtoto au jirani. Daktari akiyasoma maneno hayo atajua kwamba homa ya mbwa huyu si ya kungojewa mpaka kesho.