Mtoto haongezeki tumboni

SWALI: Daktari, nina mimba ya wiki 32. Muuguzi wa kliniki alinipima tumbo kwa utepe, akapata sentimita 27. Mama mkwe amefurahi: anasema mtoto mdogo hutoka bila kisu. Je, nihofu? — Msomaji, Garissa

JIBU: Dada, usihofu, ila usikae nyumbani. Kuanzia wiki ya 24, sentimita hukaribiana na idadi ya wiki, tofauti ikiwa mbili tatu hivi. Pengo la tano linataka picha ya ultrasaundi, na wiki hii hii.

Huenda tarehe zilikosewa tu. Wengi wetu hukumbuka hedhi ya mwisho kwa Ramadhani au kwa mvua. Lakini kama kondo halimfikishii mtoto damu na chakula cha kutosha, chanzo kitafutwe: presha, upungufu wa damu, malaria, lishe duni, sigara au miraa.

Mama mkwe, kwa heshima zake zote, amekosea. Mtoto aliyedumaa tumboni huchoka upesi wakati wa uchungu, na mara nyingi yeye ndiye anayempeleka mama kwenye upasuaji. Kwa hiyo ile desturi ya kupunguza chakula miezi ya mwisho, iache. Kula, kunywa maziwa ya ngamia yaliyochemshwa, na tembe za madini ya chuma umeze kwa maji. Si kwa chai!

Akipunguza kucheza, au ukiumwa kichwa na kuona maluweluwe, nenda hospitali ya rufaa usiku huo huo. Usingoje kupambazuke.