Kutoka Riwaya hadi Filamu: Mfano wa Vuta N'kuvute

Watazamaji wa filamu iliyotokana na riwaya huuliza: mbona mengi yameachwa? Swali hili halitoshi kuwa kigezo cha uhakiki. Katika riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute (1999), msimulizi ndiye anayetufunulia mawazo ya Yasmin anapomkimbia Bwana Raza, mume aliyelazimishwa kuolewa naye. Katika filamu ya Amil Shivji (2021), kazi hiyo hufanywa na uso, kimya, mwanga na muziki. Msomaji wa Mzinga, Morogoro, asiyepata kufika Unguja, hujijengea mji kwa maneno; mtazamaji hupewa mji uliokwisha kuchaguliwa na kamera. Hivyo mhakiki hana budi kuuliza: kilichoachwa kimefidiwa na nini? Kwa maoni yetu, hisia za Yasmin zimefidiwa vyema. Kukomaa kwake kisiasa, kunakohitaji kurasa nyingi, hakukufidiwa.