Zamu 45 za Kwanza: Namna ya Kumpima Mchezaji wa Besiboli Kabla ya Kumsajili

Jumatatu asubuhi pita kwenye vimbweta vyovyote hapa chuoni utasikia habari moja tu: nani kapata pointi ngapi wikiendi, nani alimpa unahodha mtu aliyekaa benchi. Fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza tunaijua wote. Mimi nipo humo, lakini kwa msimu wa pili sasa nipo pia kwenye ligi ya fantasi ya besiboli ya Marekani. Tuko kumi, wengine hapa, wengine kule ambako michezo yenyewe inachezwa. Nilivutwa na namba zake. Timu moja ya ligi kuu ya besiboli inacheza mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku, na kila tukio la uwanjani linaandikwa.

Katika ligi yetu swali linalogombanisha watu ni hili: mchezaji kaanza msimu kwa moto, nimsajili? Mwingine kaanza vibaya, nimwachie? Watu hujibu kwa hisia. Nataka kuonyesha kwamba swali hili lina hesabu yake, na kwamba sisi tunaosomea ualimu tuna sababu ya kuijua hata kama hatutagusa besiboli maishani.

Mchezo kwa ufupi

Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anajaribu kuupiga kwa gongo. Akiupiga na kufika kituo cha kwanza salama kwa nguvu ya pigo lake, hilo ni pigo salama. Akiupeleka nje ya uzio, ni homurani. Akikosa mara tatu, katolewa kwa straiki. Wastani wa mapigo ni mapigo salama gawanya kwa zamu rasmi za kupiga. Mtu mwenye mapigo 30 katika zamu 100 ana 0.300, na huyo ni mpigaji mzuri sana. Ted Williams alimaliza msimu wa ligi kuu wa mwaka 1941 akiwa na 0.406. Kwa hiyo hata bingwa hushindwa mara sita kati ya kumi. Shika hilo, tutalihitaji.

Fantasi ya besiboli kwa sura tunayoijua leo ilianzishwa na mwandishi Daniel Okrent na marafiki zake mwaka 1980, na jina lake la kwanza lilitokana na mgahawa wa New York walikokuwa wakikutana. Ligi nyingi leo zinapima wapigaji kwa mambo matano: wastani wa mapigo, homurani, mikimbio aliyokamilisha mwenyewe, mikimbio aliyoisababisha kwa pigo lake, na vituo alivyoiba. Warushaji nao wana matano yao.

Sasa sikiliza vizuri. Ukimsajili mchezaji leo, pointi alizokwisha kupata haziji kwako. Unanunua zile ambazo hajazipata bado. Kwa hiyo usiulize tu amefanya nini. Uliza: alichofanya kinaniambia nini kuhusu atakachofanya?

Wawili wa mwaka 1970

Mwaka 1977, katika jarida la Scientific American, wanatakwimu Bradley Efron na Carl Morris walitumia mfano ambao kila mchezaji wa fantasi angepaswa kuujua. Walichukua wapigaji 18 wa msimu wa 1970, kila mmoja akiwa amemaliza zamu 45 tu. Kisha wakatazama walichofanya katika sehemu yote iliyobaki ya msimu.

Roberto Clemente wa Pittsburgh alikuwa juu kabisa: mapigo 18 katika zamu 45, yaani 0.400. Thurman Munson, kijana mgeni wa New York Yankees, alikuwa karibu na mkia: mapigo 8, yaani 0.178. Ungekuwa na ligi ya fantasi wakati huo, nusu ya wenzako wangekuwa wameshamtupa Munson.

Msimu ukaendelea. Katika zamu zilizobaki Clemente alipiga 0.346 na Munson 0.316. Pengo la 0.222 likabaki 0.030. Mwisho wa mwaka Munson alichaguliwa mchezaji mgeni bora wa ligi yake.

Kwa nini? Zamu 45 ni chache mno. Chukua mpigaji ambaye uwezo wake halisi ni 0.270. Ukipiga hesabu ya mkengeuko wa kawaida kwa zamu 45, utapata kama 0.066. Maana yake bila yeye kubadilika chochote, 0.210 au 0.330 ni matokeo ya kawaida tu. Kwa zamu 500 mkengeuko huo unashuka hadi 0.020. Mtu ni yuleyule, ila sasa tumemtazama kwa muda wa kutosha.

Dawa waliyoonyesha, iliyotokana na kazi ya Willard James na Charles Stein ya mwaka 1961, ni kumvuta kila mtu kuelekea wastani wa kundi. Wastani wa wale 18 ulikuwa 0.265, na kwa zamu 45 hesabu yao ilisema: bakiza kama sehemu moja ya tano tu ya pengo kati ya mtu na wastani. Clemente yuko juu ya wastani kwa 0.135. Sehemu ya tano ni 0.027, kwa hiyo anakadiriwa kama 0.292. Munson yuko chini kwa 0.087. Sehemu ya tano ni 0.017, anakadiriwa kama 0.248.

Najua utasema: mbona wote wawili walipiga zaidi ya hapo? Ni kweli. Lakini jumlisha makosa ya makadirio ya wote 18, kila kosa likizidishwa kwa lenyewe. Njia ya kuamini zamu 45 kama zilivyo ilitoa kosa kubwa karibu mara tatu na nusu kuliko njia ya kuvuta. Katika fantasi hununui mtu mmoja, unajenga kikosi kizima. Njia inayopunguza makosa ya kikosi kizima ndiyo inayokupa ubingwa.

Je, una historia yake?

Hata hivyo Clemente anatufundisha jambo la pili. Yeye hakuwa mtu asiyejulikana. Kabla ya 1970 alikuwa ameshaongoza ligi yake kwa wastani wa mapigo mara nne: 1961, 1964, 1965 na 1967. Kumvuta hadi kwenye wastani wa kundi kana kwamba kaanza kucheza jana ni kutupa ushahidi tulio nao mkononi. Mtu mwenye miaka mingi ya kumbukumbu mvute kuelekea wastani wake mwenyewe. Munson hakuwa na miaka hiyo, kwa hiyo wastani wa kundi ndio makisio salama ya kuanzia.

Linganisha na Chris Shelton wa Detroit mwaka 2006. Katika mechi 13 za kwanza alipiga homurani 9, na Aprili ikaisha akiwa na 10. Hakuwa na historia ya kupiga hivyo katika ligi kuu. Mwisho wa Julai klabu ilikuwa imeshamteremsha ligi ya chini, na msimu aliumaliza na homurani 16. Aliyemsajili mwezi Mei kwa bei ya Aprili alinunua sherehe iliyokwisha.

Namba hii ni ya nani?

Swali la tatu: namba unayoitazama imetengenezwa na mchezaji huyu, au na watu na mazingira yake?

Mfano mzuri ni Jacob deGrom wa New York Mets mwaka 2018. Aliruhusu wastani wa mikimbio 1.70 tu kwa kila iningi tisa, wakati wastani wa ligi nzima ulizidi 4. Lakini rekodi yake ilikuwa kushinda 10 na kushindwa 9, kwa sababu ushindi unamhitaji pia mtu wa kupiga, na wapigaji wa timu yake hawakumpa mikimbio. Waliopiga kura hawakudanganyika: walimpa tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora. Mwaka uliofuata akashinda 11 na kushindwa 8, na tuzo akaichukua tena. Kama ligi yenu inahesabu ushindi, ihesabu. Ila usiutumie kutabiri.

Kuna bahati nyingine iliyojificha zaidi. Mwaka 2001 Voros McCracken alionyesha kwamba mpira ukishapigwa na kubaki ndani ya uwanja, mrushaji ana uwezo mdogo kuliko tulivyodhani wa kuamua kama utadakwa au utaangukia nyasi tupu. Kwa ligi nzima, mipira ya namna hiyo inakuwa mapigo salama karibu mara 3 kati ya 10. Ukimwona mrushaji ambaye mwezi huu ni 2 tu kati ya 10, usishangilie sana. Mabeki na bahati vimemsaidia, na hesabu itarudi. Tazama vile anavyovimiliki zaidi: anawatoa wangapi kwa straiki, na anawapa wangapi kituo cha bure kwa kurusha vibaya. Namba hizi mbili pia hutulia mapema kuliko wastani wa mapigo, kwa hiyo hata mwezi mmoja unaweza kukuambia jambo.

Usisahau mahali. Timu ya Colorado inacheza nyumbani Denver, mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Nairobi. Hewa ni nyepesi, mpira unasafiri mbali zaidi. Mpigaji wa Colorado mtazame namba zake za nyumbani na za ugenini kando kando kabla hujamwita mfalme.

Kutoka uwanjani hadi darasani

Wanaelimu wenzangu, sasa weka besiboli pembeni. Chukua mwanafunzi anayejua asilimia 60 ya mada. Mpe testi ya maswali 10 yaliyookotwa bila mpangilio kutoka kwenye mada hiyo. Hesabu ni ileile ya gongo na mpira: mara mbili kati ya tatu atapata 5, 6 au 7. Lakini mara moja kati ya sita atapata 4 au pungufu. Darasa la wanafunzi 60 wenye uwezo huohuo mmoja litakupa kama watoto kumi walio na 4 kushuka chini, siku moja, bila yeyote kati yao kuwa mjinga kuliko jirani yake.

Na sisi tunajua kinachofuata. Wiki ya tatu ya muhula wale kumi wamehamishiwa nyuma, wameitwa wazito, hawaulizwi maswali. Munson wa fantasi akitupwa, kuna mwenzako atamwokota na wewe utacheka mwisho wa msimu. Mtoto aliyetupwa kwa testi moja anaweza asipate wa kumwokota. Vivyo hivyo kwetu: msimamizi anayekuja mara moja kwenye mazoezi ya kufundisha, akaketi nyuma dakika arobaini, kaona zamu chache sana. Hii ni hoja ya kuomba atembelee tena, si ya kumlaumu.

Naweka mpaka mmoja hapa. Sisemi mwalimu amvute mtoto kuelekea wastani wa darasa anapoandika alama. Aliyepata 9 apewe 9 yake, ni jasho lake, kama mapigo 18 ya Clemente yalivyobaki 18 kitabuni. Kuvuta ni kwa ajili ya uamuzi wa kesho: nani akae wapi, nani apewe msaada, nani apewe nafasi nyingine. Alama na utabiri ni vitu viwili, na tukivichanganya ndipo tunapomwonea mtu.

Zoezi

Jaribu mwenyewe kwa kalamu. Ligi ina wastani wa 0.250. Mpigaji mgeni, asiye na historia, ana mapigo 14 katika zamu 40. Mwenzako anamuuza kwa bei ya mtu wa 0.350.

Tafuta pengo, bakiza sehemu ya tano, jumlisha na wastani. Utapata 0.270. Halafu uliza: anatolewa kwa straiki mara ngapi, anacheza nyumbani wapi, na mipira yake mingapi iliangukia nyasi tupu? Ukishajibu hayo ndipo utaje bei.