MBWA WETU WA KIENYEJI

Somo letu la leo ni juu ya mnyama ambaye maboma mengi hapa Kerugoya humtegemea usiku na kumsahau mchana. Tukiuliza kwa nini mbwa hajachanjwa, mara nyingi jibu ni lile lile: "Huyu ni wa kienyeji, haugui."

Hebu tutazame jirani zetu wa Kongo. Huko kuna mbwa mdogo wa kuwinda, basenji. Masikio yamesimama, mkia umejikunja mgongoni, kipaji kina makunyanzi kama mzee mwenye mawazo. Habweki kama wengine. Akifurahi hutoa sauti kama ya kuimba. Kwa ukimya huo wawindaji humvika kengele ya mti ili wajue alipo. Hujiramba kama paka, na kwa kawaida jike hupandwa mara moja tu kwa mwaka. Ni mwerevu, lakini usimtume kama mtumwa, hasikii!

Mwaka wa 1895 wawili walionyeshwa Uingereza, wakaitwa teria wa Kongo. Haukupita muda, wote wakafa kwa distempa. Ugumu wa msituni haukuwafaa kitu. Ilikuwa mpaka miaka ya 1930 ndipo mbegu yao ikashika huko ng'ambo.

Wetu si basenji, ila ni watoto wa Afrika vilevile. Huvumilia jua, baridi ya mlimani na chakula kidogo, nasi tunadhani huko kuvumilia ni kinga. Siyo. Kichaa cha mbwa hakiulizi kabila la mbwa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mpe dawa ya minyoo, mtoe kupe, na maji yawe kwa mkebe kila siku. Kumfunga mnyororo mfupi kutwa nzima chini ya ghala kunamfanya mkali bila akili, halafu tunashangaa akimrukia mtoto wa jirani.

Mtoto akiumwa, oshea kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu. Usingoje dalili: zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Tafadhali, pilipili na mafuta ya taa viacheni jikoni. Na mbwa aliyeuma, kama anaweza kushikwa bila hatari, asiuawe mbio. Afungiwe peke yake aangaliwe siku 10, na daktari wa mifugo aarifiwe.