Neno Lina Mizizi: Tusome Kiingereza cha Kwenye Kopo la Dawa



Katika somo la leo tutajifunza kuchimba neno la Kiingereza mpaka tuufikie mzizi wake. Msiogope. Hatutakariri maneno mia. Tutachukua vipande vichache tu, na vipande hivyo vitatufungulia maneno mengi. Tena maneno yenyewe si ya mtihani. Yako kwenye kopo la dawa ya shamba, kwenye pipa la mafuta, na kwenye malori yanayopita hapa Kabuku kila siku katika barabara ya Chalinze hadi Segera.

Mtu aliyehitimu kisomo anaweza kuzitamka herufi zote za kopo lile, moja baada ya moja, na bado asijue ameshika nini mkononi. Hiyo ndiyo hatari tunayotaka kuipunguza leo.

1. MZIZI WA NENO NI NINI?

Tuanze na Kiswahili chetu. Chukua neno LIMA. Kutoka hapo tunapata mkulima, kilimo, limia na limisha. Siku ya kwanza uliposikia neno "kilimo" hukuhitaji kuambiwa kwamba ni habari ya jembe. Uliusikia mzizi wake ukaelewa. Basi kazi hii unaiweza tayari. Kilichobaki ni kuifanya katika lugha nyingine.

Maneno mengi magumu ya Kiingereza hayakuzaliwa Uingereza. Mizizi yake ilitoka katika Kilatini, lugha ya Warumi wa zamani. Waingereza waliazima, kama sisi tulivyoazima "kitabu" na "hesabu" kwa Waarabu. Hata katika mashamba ya mkonge ya Tanga tuliazima. Wazee wanalikumbuka neno "manamba". Vibarua wa mkataba waliotoka mbali waliandikishwa kwa namba, na neno la Kiingereza "number" likageuka kuwa jina la watu. Kuazima maneno si aibu. Kutumia neno bila kujua maana yake ndiko kunakoleta hasara.

2. MZIZI WA KWANZA: CIDE

Soma: SAIDI. Maana yake ni kuua. Mzizi huu hukaa mwishoni mwa neno. Kiswahili hufanya vilevile, ila sisi tunaweka "kiua" mwanzoni. Sasa tazama:

INSECTICIDE. Soma: insektisaidi. "Insect" ni mdudu. Hii ni kiuadudu.

HERBICIDE. Soma: habisaidi. "Herb" ni majani. Hii ni kiuagugu, yaani dawa ya kuua magugu.

FUNGICIDE. Soma: fangisaidi. "Fungus" ni kuvu au ukungu. Hii ni dawa ya kuua ukungu wa mimea.

PESTICIDE. Soma: pestisaidi. "Pest" ni kiumbe chochote kinachoharibu mazao. Hili ni jina la jumla la dawa zote hizo. Kwa Kiswahili tunaziita viuatilifu.

Umeona? Mzizi mmoja umetupa maneno manne. Ukiona CIDE kwenye kopo, jua kwanza kwamba kilichomo ndani kinaua. Halafu rudi mwanzo wa neno ujiulize: kinaua nini?

Swali hilo la pili ndilo lenye shamba lako. Tuseme viwavijeshi vamizi wameingia katika mahindi yako. Wadudu hawa walionekana nchini mwaka 2017, na wakulima wengi wanawafahamu kwa uchungu. Unakwenda kwenye duka la pembejeo. Juu ya meza kuna chupa mbili za ukubwa mmoja na rangi moja. Moja imeandikwa INSECTICIDE, nyingine HERBICIDE. Zote mbili zina CIDE. Lakini ya kwanza inaua kiwavi, na ya pili inaua majani. Na mahindi ni nini mbele ya dawa hiyo? Ni majani tu.

Hapa pana neno jingine la kulijua: SELECTIVE. Soma: selektivu. "Select" ni kuchagua. Kuna viuagugu vinavyochagua. Vinaua baadhi ya magugu na kuliacha zao lililotajwa kwenye maelezo. Lakini ukiona NON-SELECTIVE, "non" ni "si". Dawa hiyo haichagui. Ikinyunyiziwa juu ya mahindi yaliyoota, inayaua pamoja na magugu. Tena bomba la mgongoni lililotumika kwa kiuagugu, lisipooshwa vizuri, linaweza kuunguza mazao siku ya kunyunyizia kiuadudu. Kama uwezo upo, ni afadhali kila dawa iwe na bomba lake.

Kabla hatujauacha mzizi huu, tazama neno DECIDE. Soma: disaidi. Maana yake ni kuamua. Je, kuamua na kuua vina undugu gani? Katika Kilatini, neno lile la kuua lilikuwa pia na maana ya kukata. Basi anayeamua anakata. Na sisi tunasemaje? Tunasema "kukata shauri". Warumi wa zamani na wazee wetu hawakuonana, lakini katika neno hili walipita njia moja.

3. MZIZI WA PILI: PORT

Maana yake ni kubeba. Mtu anayebeba mizigo anaitwa PORTER, yaani mpagazi. Sasa tuongeze vipande vya mbele:

IM ni ndani. IMPORT ni kubeba kuingiza ndani ya nchi.

EX ni nje. EXPORT ni kubeba kupeleka nje ya nchi.

TRANS ni kuvuka, toka upande huu hadi upande wa pili. TRANSPORT ni kubeba kutoka mahali hadi mahali, yaani usafirishaji.

Mkonge wetu una mifano yote mitatu. Mmea huu si wa asili ya hapa. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, na miche 62 tu ndiyo iliyopona ikapandwa karibu na Pangani. Hiyo ilikuwa IMPORT. Kutokana na miche hiyo michache mashamba yakaenea Tanga na kwingineko. Singa za mkonge hubebwa kwa magari na treni hadi bandarini. Hiyo ni TRANSPORT. Kisha hupakiwa melini kwenda nchi za nje. Hiyo ni EXPORT.

Angalizo: neno PORT likisimama peke yake huwa ni bandari, kama bandari ya Tanga.

Kipande EX kinafaa pia kwenye dawa, ya shamba na ya binadamu. Tafuta herufi EXP. Ni kifupi cha EXPIRY. Katika Kilatini neno hilo lilimaanisha kutoa pumzi nje, na pumzi ya mwisho ikitoka, mtu amekata roho. Basi EXP 03/2027 maana yake ni kwamba mwisho wa dawa hiyo ni mwezi wa tatu, mwaka 2027. Baada ya hapo ihesabu kuwa imekata roho. Usiitumie, wala usimpe mtoto.

Karibu na hapo utaona pia MFG au MANUFACTURED. "Manu" ni mkono, na "fact" ni kufanya. Ni tarehe dawa ilipotengenezwa. Usiichanganye na ile ya mwisho.

4. KIPANDE CHENYE MTEGO: IN

Sasa tumefika mahali pa kukaa macho. Kipande IN na kipande IM ni kimoja. Mbele ya herufi P, N hugeuka kuwa M. Je, ni ajabu? Hata kidogo. Sisi tunasema nyumba nzuri, lakini hatusemi nyumba "nbaya". Tunasema nyumba mbaya. Ulimi unatafuta njia rahisi.

Mtego ni huu: IN ina maana mbili. Mara nyingine ni "ndani", kama tulivyoona katika IMPORT. Mara nyingine ni "si". Kwa mfano ACTIVE ni chenye kufanya kazi, na INACTIVE ni kisichofanya kazi.

Haya, tazama neno lililoandikwa kwenye mapipa na matangi ya mafuta: FLAMMABLE. Soma: flemabo. "Flame" ni mwali wa moto. Maana yake ni chenye kuwaka upesi. Kwenye tangi jingine utaona INFLAMMABLE. Mwanafunzi hodari atasema: "IN ni si. Basi hiki hakiwaki." Amekosea, na kosa hili linaweza kumuua. Hapa IN ni "ndani": kuingia katika moto. INFLAMMABLE na FLAMMABLE maana yake ni moja. Vyote vinawaka! Kisichowaka huandikwa NON-FLAMMABLE.

Jambo hili si dogo kwetu tunaokaa kando ya barabara kuu. Tarehe 10 Agosti 2019, eneo la Msamvu, mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakalikimbilia kuchota petroli. Moto ukalipuka. Waliokufa walizidi 100. Kwa hiyo ukiona neno hilo kwenye tangi, liwe na IN au lisiwe nayo, na gari limeanguka, usikimbilie na ndoo. Kimbia kwenda mbali, na uwaite watoto wako.

Tunajifunza nini? Mzizi hukufikisha mlangoni mwa neno. Lakini kabla ya kuingia, piga hodi. Mahali penye sumu, moto au dawa ya mgonjwa, usitosheke na kukisia. Muulize bwana au bibi shamba, mganga wa zahanati, au mwalimu.

5. MAMBO YA KUSHIKA DUKANI

Kwanza, makopo mengi yana maelezo ya Kiswahili pia. Yatafute uyasome kabla ya kuhangaika na Kiingereza.

Pili, tazama rangi ya mkanda uliochapwa chini ya lebo. Nyekundu ni sumu kali zaidi, hufuata manjano, kisha bluu, kisha kijani. Lakini hata kijani si uji. Ni dawa, na ina masharti yake.

Tatu, usikubali kupimiwa dawa katika chupa ya soda. Chupa hiyo haina lebo, basi elimu yako yote haitakusaidia kitu. Isitoshe mtoto akiikuta nyumbani atadhani ni soda.

6. MAZOEZI

Jibu maswali haya katika daftari lako. Usitazame majibu kwanza.

(a) "Rodent" ni mnyama mgugunaji kama panya. RODENTICIDE ni nini?
(b) Mama mmoja ana mahindi yaliyofika magotini. Ameuziwa chupa iliyoandikwa NON-SELECTIVE HERBICIDE ili aue viwavi. Mpe ushauri.
(c) Pipa limeandikwa INFLAMMABLE. Je, mtu anaweza kuvuta sigara karibu nalo?
(d) Dawa imeandikwa EXP 03/2027. Leo ni mwezi wa tano, mwaka 2027. Utafanya nini?
(e) "Er" mwishoni mwa neno ni kama "m" ya mkulima: ni mtendaji. EXPORTER ni mtu gani?

MAJIBU: (a) Dawa ya kuua panya. (b) Asiinyunyize. Itaua mahindi, na viwavi si kazi yake. Airudishe dukani, aulize INSECTICIDE inayofaa viwavi vya mahindi. (c) Hapana. Kilichomo kinawaka upesi. (d) Usiitumie, muda wake umekwisha. (e) Mtu anayepeleka bidhaa nchi za nje.

Wiki hii kila msomaji atafute neno moja la Kiingereza kwenye lebo, alinakili herufi kwa herufi, kisha alete kwenye kikundi chake cha kusoma. Likateni vipande pamoja, mwulizane, mhakikishe. Mkiwa watu kumi, mtakuwa na maneno kumi. Na aliyejua amwambie jirani yake ambaye hakufika darasani, maana bomba la dawa halimuulizi mtu kama alihitimu.